Ufa Kwenye Ekseli

Kila siku akitoka shule, Sumaku alibadili sare, akala haraka haraka, kisha akatoka uani kumsaidia mama yake. Jina hilo la utani alilipata kutokana na kazi yake: kuburuta sumaku ardhini na kuokota misumari na vipande vya chuma kabla havijamchoma mtu mguu. Mama yake alikuwa fundi wa kuchomelea, na wiki hiyo ua mzima ulitawaliwa na kazi moja tu: ekseli ya mbele ya gari la zahanati.

Gari hilo lilipeleka chanjo vijiji vya milimani, kwenye njia za mawe na makorongo. Ekseli ya zamani, yaani ule mhimili unaobeba magurudumu mawili ya mbele, ilikuwa imeshapinda mara mbili. Safari hii mama aliamua kuunda mpya kwa bomba nene zaidi, na kuiongezea mabamba ya chuma upande wa chini, pale inapoelemewa.

Alhamisi alasiri alimaliza kuchomelea mshono wa mwisho, akaufukia kwa mchanga mkavu.

"Mwanangu, naenda kuchukua boliti. Kaa hapa, na mchanga huu usiuguse. Chuma hiki lazima kipoe chenyewe, polepole, mpaka jioni."

"Sawa, mama."

Nje, wenzake walikuwa wakimwita. Mazoezi ya netiboli yalikuwa yameanza. Sumaku alivumilia robo saa tu. Akafukua mchanga, akachota maji ndoo nzima, akaumwagia mshono ili upoe upesi. Chuma kikalia chwaaa! Mvuke ukampanda usoni. Akarudishia mchanga mkavu juu yake, akatimua mbio.

Kesho yake alasiri dereva wa zahanati alikuja kuiona kazi. Mama aliupaka mshono mafuta ya taa, akaufuta vizuri, kisha akapaka unga wa chaki.

"Kama kuna ufa, mafuta yatakuwa yamejificha humo, na chaki itayafichua," alieleza.

Wakasubiri. Kwenye ule weupe kikajitokeza kistari cheusi, chembamba kama unywele.

Dereva alimtazama mama kwa jicho la pembeni. "Fundi, kweli hukulipua kazi?"

"Nilipue kazi? Mimi?" Mama alihamaki. "Bomba ndilo bovu. Mzee wa vyuma ameniuzia mkweche uliopakwa rangi!"

Mzee wa vyuma, jirani yao wa miaka mingi, akaitwa. Alilizunguka lile bomba, akaligonga kwa nyundo, akasikiliza.

"Chuma changu kizima. Mama Sumaku, tangu lini nikakuuzia takataka?"

"Tangu wiki hii, naona."

"Basi kuanzia leo katafute chuma kwingine!"

"Nyinyi zozaneni," alisema dereva. "Jumatatu chanjo zinaondoka. Naenda kuinyoosha ile ekseli ya zamani, nipande nayo."

"Itakukatikia korongoni, na wauguzi wote wamo ndani!" mama alionya.

"Afadhali hiyo. Ubovu wake naujua."

Sumaku alisimama na sumaku yake mkononi. Watu watatu waliozoea kutaniana uani hapo sasa walikuwa wakiviziana kama paka.

"Jana kilipoa upesi mno," mama alisema taratibu, kama anayejisemesha. Kisha akamgeukia Sumaku. "Wewe, ulikaa hapa mpaka jioni?"

Hakuna aliyemwona. "Ndiyo" ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini dereva alikuwa ameshainama kuinua ekseli ya zamani.

"Nilikimwagia maji, mama," alisema, machozi yakimlenga. "Nilitaka kwenda kucheza."

Mama alivua glavu, akashusha pumzi ndefu.

"Chuma cha moto vile ukikipoza ghafla, kinakakamaa na kupasuka." Kisha akamwelekea jirani yake. "Nami nimekushutumu bila hata kuuliza. Nisamehe."

"Umenichoma, Mama Sumaku, tena bila mashine," alijibu mzee, na hapo hapo kicheko kikamponyoka.

Jumamosi mama alikata kiungo chote, akasaga kingo zake, akakichomelea upya. Sumaku alikaa kando ya mchanga mpaka jua likazama. Wenzake walipomwita, alitikisa kichwa. Jumapili chaki ilibaki nyeupe pe.

Gari lilirudi Alhamisi likiwa na matope hadi madirishani. Dereva mwenyewe aliingia chini yake na tochi. "Haijapinda hata kidogo!" alipaza sauti. "Fundi, maneno yangu ya siku ile nayafuta."

Mama alimvuta binti yake karibu.

"Kumwaga maji lilikuwa kosa, lakini kosa la kazi hurekebishika," alimwambia. "Kilichonitisha ni kimya chako. Ulinyamaza, na sisi watu wazima tukaanza kuonana wezi, na gari likawa karibu kupanda mlima na ekseli mbovu. Siku nyingine ukiharibu kitu, sema mapema. Usingoje niulize. Na mimi nitajifunza kuuliza kwanza kabla ya kumnyooshea mtu kidole."