Vidonge vya Marehemu

Tangu mumewe azikwe, yule mama dobi alifua kutwa kucha. Akimaliza nguo za watu, alizifua tena zake zilizokwisha kuwa safi. Mikono ikiwa majini, majonzi yalipungua kidogo. Lakini maji hayo hayo yalimletea fangasi. Kucha zikawa nene, zikageuka rangi, zikamenyeka kama ganda la kitunguu.

Kwenye rafu palibaki miwani ya marehemu na kichupa cha vidonge vyake vya fangasi. Mama alikataa katakata kuvitupa.

"Vilimponya yeye, vitaniponya na mimi," alijisemea. Akaanza kumeza, asubuhi na jioni.

Binti yake alipokuja kumjulia hali, alimkazia macho.

"Mama, mbona macho yako ya njano?"

"Uchovu tu, mwanangu."

"Na mkojo?"

"Kama chai isiyo na maziwa."

Binti machozi yakamtoka. "Baba nimeshamzika. Wewe usiniache, mama."

Siku hiyo hiyo walikwenda kliniki. Damu ilipopimwa, ini lilionekana limeumia.

"Kwani vidonge hivi ni vibaya, daktari?" mama aliuliza, akitoa kichupa cha marehemu.

"Si vibaya, mama. Fangasi ana utando unaomshikilia. Dawa hizi humzuia kuutengeneza. Nyingine huutoboa. Nyingine, za sindano hospitalini, humzuia kujenga ukuta wake wa nje. Fangasi wa ngozi mara nyingi huisha kwa krimu. Wa kucha ni mkaidi, huenda akahitaji vidonge kwa miezi. Ila vidonge vinaweza kuchafua tumbo, kuumiza ini, au kugombana na dawa nyingine. Ndiyo maana tunapima kwanza. Mumeo alipimwa hapa. Wewe je?"

Mama aliinama. "Mimi niliona kama tunameza pamoja," alisema.

Binti alimshika mama yake mkono.

Mama alikikabidhi kichupa shingo upande, kikateketezwe. Aliacha vidonge, akarudi kupimwa mpaka ini likatulia. Akapewa dawa ya kupaka kwenye kucha. Sasa alifua kwa glavu, na mikono aliikausha vizuri.

Miezi ilipita. Asubuhi moja aliona kitu chini ya kucha ya kidole gumba, lakini hakukiona sawasawa. Akaichukua miwani ya marehemu, akaivaa. Ilikuwa kucha mpya, safi, inachipua.

"Tazama, mume wangu," alisema, akalia.