Lifti Haining'inii kwa Kamba Moja

Lifti ya jengo la benki ilikwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, saa tano asubuhi, mwisho wa mwezi, watu tisa ndani. Mmoja alisali kwa sauti. Mwingine alimlaani mwenye jengo na ukoo wake mzima. Mshonaji wa sare za shule, aliyevaa gauni la bluu aliloshona mwenyewe, alikumbatia mkoba wake. Humo mlikuwa na pesa zote alizokuwa nazo duniani.

"Jamani, mko salama?" sauti ya mwanamume iliuliza kutoka juu.

"Salama gani, na tunaanguka!" mshonaji akafoka.

"Hamwanguki, dada. Lifti hii imeshikwa na kamba sita za chuma. Moja tu ingewabeba nyote."

"Na hizo tano za nini?"

"Za siku ile moja itakapokatika."

Mlango ulipofunguliwa, fundi wa lifti alimpa mshonaji mkono amvute juu. Ovaroli yake ilikuwa na grisi mpaka viwikoni. Mkono ulikuwa mpana, wa moto, na mshonaji alichelewa kuuachia. Kwani mapenzi yana adabu? Huingia popote.

Alipotoka benki alimkuta fundi mlangoni, amemsubiri.

"Mambo yameenda sawa?"

"Nimemaliza mkopo wa cherehani, miezi minane kabla ya muda!"

"Hongera! Umebaki na ngapi?"

"Sina hata nauli. Nimebaki na usingizi wa asiyedaiwa."

Fundi alicheka, akamlipia nauli. Tangu siku hiyo akamwita Usingizi, naye akaitwa Bwana Kamba. Simu zikawa kila mchana: "Usingizi wangu, umekula?" "Nitakulaje na roho yangu iko kwenye shimo la lifti?" Majirani wa duka la mshonaji walichoka kuwasikia.

Fundi alipotaja ndoa ndipo mshonaji akajua: mpenzi wake alikuwa na mkopo wa vifaa vya kazi, na wakati huohuo alikuwa na akiba ya kutosha kuulipa wote.

"Una pesa, halafu unadaiwa? Dawa ya deni kulipa, bwana!"

"Na akiba haiozi. Mimi kibarua, mpenzi. Nikiumia, nani atanilipa? Riba naiona, lakini hizo ndizo kamba zangu tano."

"Usijitabirie mabaya." Sauti yake ikapungua. "Baba yangu alizikwa mchana, wadai wakaja jioni hiyohiyo. Walibeba hata kitanda alichofia, mimi nimesimama pale na ndoo ya maji mkononi. Niliapa sitaingia nyumba yenye deni. Lipa, au tuachane kwa amani."

Wiki hiyo fundi alitoa akiba yake akalipa deni lote, akamletea barua ya benki kuwa hadaiwi. Mshonaji aliibandika ukutani juu ya cherehani, akaanza kushona gauni lake la harusi, jeupe, mikono mirefu.

Wiki ya tatu simu za mchana zikakoma. Ukaja ujumbe mmoja tu: "Nimesafiri kikazi. Usinisubiri." Akapiga, akapiga tena. Siku ya tano akapokea mwanamke.

"Amelala. Mpigie kesho."

Mshonaji alikata simu. Gauni alilikunja, akalitupa ndani ya sanduku. Alilia siku mbili akishona sare za watoto wa watu, na mishono ikaenda upande.

Siku ya tatu mwanamke mmoja akaingia dukani, macho yamevimba.

"Wifi, ni mimi niliyepokea simu. Mpenzi wako ni kaka yangu. Mkono wake ulinaswa na mashine ya lifti. Hospitali wanataka pesa kwanza ndipo wampasue, na benki imemkatalia mkopo. Daktari anasema tukichelewa zaidi, vidole vyote vinakufa."

"Mbona hamkuniambia?"

"Alinikataza. Alisema ukijua, hutalala tena."

Mshonaji alikaa chini sakafuni, palepale kwenye vipande vya vitambaa. Akainua macho, akaiona ile barua ukutani. Kisha akainuka, akachukua hati za cherehani, akaenda benki, akapanda ile lifti mpaka ghorofa ya nne.

"Si wewe uliyeapa hatutakuona tena hapa?" karani akauliza.

"Ndiye mimi. Nataka kukopa. Andika."

Akasaini, akaacha hati za cherehani ziwe dhamana.

Wodini, fundi alijaribu kuficha bandeji chini ya shuka.

"Nani kakuleta, Usingizi?"

"Usiniite hivyo. Kamba zako nimezikata mimi, kwa woga wangu. Nisamehe." Alilia waziwazi, wodi nzima ikisikia.

"Kutoa akiba nilisaini mwenyewe."

"Kwa ajili yangu. Na mimi leo nimesaini."

Fundi aliisoma karatasi mara mbili. "Umekopa? Wewe?"

"Miaka miwili. Kesho asubuhi unapasuliwa."

Vidole vitatu vilipona. Viwili havikukunjika tena, na kazi ya shimoni ikaishia hapo. Alipata kazi ya kukagua lifti, mshahara mdogo. Siku alipoupokea wa kwanza aliuleta dukani. Mshonaji akaugawa mezani: chakula, rejesho la benki, na noti mbili akaziweka kwenye kopo.

"Hizi?"

"Kamba ya kwanza." Akatoa gauni jeupe sandukuni, akalikung'uta. "Utaoa mwanamke mwenye deni?"

"Nitaoa hata leo. Lakini utalala?"

"Sijui," alisema, na alikuwa anasema kweli. "Nikikosa usingizi nitakuamsha, tukeshe wote."

Fundi akatoa noti ya nauli yake ya kurudia nyumbani, akaitia kwenye kopo kwa mkono wa kushoto, polepole, kwa sababu wa kulia ulikuwa bado haujui kushika.