Kipande cha Tano

Walikutana kwa sababu ya boksi moja la sushi ya vibua ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelila.

Ilikuwa Osaka, pale Umeda, kwenye soko la vyakula lililo chini ya jengo la maduka, saa ile watu wanapotoka kazini na kila mmoja anataka kitu cha kupeleka nyumbani. Chizuru alikuwa na koti lake la rangi ya majivu, kucha zina vumbi jeupe la plasta, maana kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Boksi lilikuwa limebaki moja. Alipoligusa, mkono mwingine ukaligusa upande wa pili.

"Samahani, dada! Chukua wewe."

"Hapana, kaka, wewe ndiye uliyetangulia."

"Mimi nilikuwa natazama tu."

"Hata mimi."

Huyo aliyekuwa akitazama tu alikuwa mwanamume mrefu, tai imelegea, macho ya upole, na tumbo lake lilinguruma mpaka Chizuru akalisikia. Wakainamiana. Wakasukumiana boksi. Wakainamiana tena. Bibi mmoja mwenye kofia ya zambarau akapitisha mkono katikati yao, akalichukua, akaenda kulipa bila kugeuka nyuma.

Walicheka mpaka machozi yakawatoka, kisha wakaenda kula tambi kwenye kibanda cha kusimama. Mwanamume akajitaja kuwa ni Tomohisa, mhandisi wa madaraja.

Miaka miwili baadaye Chizuru hakuwa anacheka tena.

Kampuni ilikuwa inamhamishia Tomohisa Sapporo, mbali kaskazini, kwa miaka mitatu. Angeondoka Jumatatu ya wiki inayofuata. Na mpaka jioni ile ya Machi, mvua ikinyesha kidogokidogo, alikuwa hajasema neno moja juu yao wawili. Alikuwa amesema juu ya maboksi, na juu ya soksi za sufu.

Ila alikuwa amemwalika kwenye mkahawa wa Mama Ikuko. Huo haukuwa baa ya izakaya yenye kelele na moshi kama zile za nyuma ya stesheni. Ulikuwa na viti vinane tu, na kaunta ya ubao mmoja wa mberoshi ambayo ukiiegemea inanukia, na nafasi huipati mpaka uombe mwezi mzima kabla. Mwanamume haombi nafasi mwezi mzima kwa ajili ya samaki tu. Hivyo ndivyo alivyojiambia Chizuru alipovaa gauni lake la buluu ya wino na kubana nywele kwa kibanio cha marehemu bibi yake.

Mkobani alikuwa na barua. Karakana moja ya meno ya Sapporo ilimwandikia kwamba imemkubali, aanze Mei. Aliomba kazi hiyo kimyakimya. Lakini barua hiyo asingeitoa mpaka aulizwe. Akiitoa mwenyewe, si atakuwa amejiposa?

"Karibuni, karibuni, mmelowa!" Mama Ikuko aliwapokea kwa mikono miwili, kimono chake kijani kama mwanzi mchanga. Akaleta trei ya vikombe vya sake, ile pombe ya mchele, hakuna kinachofanana na kingine. "Haya, kila mtu achague chake."

Chizuru akachagua cheupe chenye ufa uliozibwa kwa dhahabu. "Na wewe, Tomo?"

"Chochote."

"Chagua, bwana."

"Chochote kitakachobaki."

Mama Ikuko akamwekea cha kahawia.

Walikula machipukizi ya mwanzi, laini, na mayai ya kukunja yaliyokuwa bado yanatoa mvuke. Tomohisa akammiminia sake, yeye akammiminia Tomohisa, maana pale mtu hajimiminii akiwa na mwenzake. Kisha ikaja sahani ya samaki changu mbichi, vipande vitano vyeupe vyenye ukingo wa waridi. Vinne haviletwi, kwa kuwa neno nne kwa masikio ya huko linasikika kama mauti. Basi wawili huletewa vitano. Wakala viwili, wakala viwili. Cha tano kikabaki.

Watu wa Osaka wana jina la kipande hicho: donge la kuoneana haya. Kinaweza kukaa pale hadi kikauke.

"Kula wewe," alisema Tomohisa.

"Kula wewe, mpenzi, ndiyo kwanza umetoka kazini."

"Wewe ndiye unayependa changu."

"Na wewe hupendi?"

"Napenda. Lakini kula wewe."

Kipande kikabaki. Chizuru akakitazama na kuvuta pumzi.

"Sapporo," alisema, akijaribu kuifanya sauti nyepesi, "wanasema theluji bado ipo."

"Ipo mpaka Aprili. Baridi mbaya sana." Tomohisa alizungusha kikombe chake. "Si mahali pa kumpeleka mtu."

Pa kumpeleka mtu. Chizuru alihisi kama mtu kamfungia mlango usoni, taratibu, kwa adabu zote.

"Ni sawa kabisa," akajibu. "Mimi nitakuwa salama hapa. Usiwe na wasiwasi na mimi."

"Najua. Una kazi yako. Una mama yako." Alitabasamu, lakini tabasamu halikufika machoni. "Nisingependa kukusumbua."

"Hunisumbui."

"Vizuri basi."

"Vizuri."

Alingoja. Mungu shahidi, alingoja. Alimtazama kinywa kinavyofunguka na kufumbika, mkono wake unavyokwenda mfukoni na kurudi mtupu. Hatimaye Tomohisa akakohoa, akasogeza sahani inchi moja upande wa Chizuru.

"Kula basi, Chizu. Kitaharibika."

Ndipo hasira zikampanda Chizuru mpaka kwenye masikio. Alichukua chupa ya sake. Akajimiminia mwenyewe, kikombe kikajaa mpaka ukingoni, akakinywa chote kwa funda moja. Tomohisa alibadilika rangi kama aliyepigwa kofi. Hata Mama Ikuko, aliyekuwa akifuta sahani, alisimamisha kitambaa.

"Chizu..."

"Miaka miwili, Tomohisa! Miaka miwili nakula chakula cha nusu. Sinema gani? Yoyote. Twende wapi? Popote. Unataka nini wewe? Hebu niambie kitu kimoja tu unachokitaka duniani!"

"Mimi nataka... unachotaka wewe."

"Basi ubaki nacho!"

Akachukua mkobani hela, akabadili mawazo, akazirudisha, akavaa koti, mkono wa kulia kwenye tundu la kushoto, akalivua, akalivaa tena, akatoka.

Nje mvua ilikuwa imezidi. Alisimama chini ya paa la duka la maua, maji yakimtiririka shingoni, akalia kwa uchungu wa mtu anayejua kuwa hata kulia hajui vizuri. Simu ikaita.

"Nini?"

"Umesahau mwamvuli," alisema Tomohisa.

Chizuru akafumba macho. "Umenipigia kuniambia mwamvuli."

"Utalowa."

"Nimeshalowa! Kwaheri."

"Usikate! Chizu, usikate, siwezi kukupigia tena, mikono yangu haina nafasi."

"Imefanya nini?"

"Simu nimeibana kwa bega. Mikono miwili nimeshika sahani."

Nyuma yake ikasikika sauti ya Mama Ikuko: "Baba, niachie nikaioshe, wenzako wanakutazama!"

"Siachii, mama, samahani sana, siachii." Kisha kwenye simu, akihema: "Alitaka kuondoa kile kipande. Nimemkatalia. Sijui nimepata wapi ujasiri. Nilimkumbuka yule bibi wa kofia ya zambarau. Tulimwachia achukue, sisi tukicheka. Leo sitaki achukue mtu. Chizu, njoo."

"Nije kufanya nini? Sema."

Mvua. Pumzi zake.

"Tomohisa, sema au nakata."

"Nataka uje. Nataka. Mimi ndiye ninayetaka."

Alirudi amelowa chapachapa, kibanio kinaning'inia sikioni. Watu wote wa kaunta walijifanya hawaoni kitu. Tomohisa alikuwa amesimama, amekumbatia sahani kifuani kama mtu anayeokoa mali kwenye moto, na kile kipande cha changu, kimenyauka kidogo, kilikuwa katikati.

"Haya," alisema Chizuru. Hakukaa. "Nimekuja. Malizia."

"Sapporo ni baridi."

"Tomohisa!"

"Ni baridi, na barabara zina barafu, na mama yako atakuwa mbali, na utaacha kazi, na hakuna hata jambo moja zuri ninaloweza kukuahidi. Na bado nataka uje nami. Uje kama mke wangu." Sahani ikagongana na vifungo vya shati. "Pete iko mfukoni. Siwezi kuitoa, nimeshika sahani."

Chizuru hakuchukua pete. Alichukua vijiti, akakiokota kipande cha tano, akakitia kinywani mwake mwenyewe, akakitafuna polepole huku akimtazama. Kilikuwa kimekauka pembeni. Akakimeza chote.

Kisha akafungua mkoba na kuiweka barua juu ya sahani tupu.

Tomohisa alisoma. Akasoma tena tarehe.

"Wiki tatu," alisema. "Umekaa na barua hii wiki tatu? Unaniona nakonda, unaniona silali, na kazi ya Sapporo umeshapata?"

"Ulikuwa hujaniuliza."

"Chizuru!"

"Usinipigie kelele, nitakuwa mke wa mtu."

Mama Ikuko alikwishageuka kumnong'oneza mpishi. Haukupita muda akaweka sahani mpya mbele yao. Vipande vitano. Pete ilikuwa imekaa kidoleni mwa Chizuru, imebana kidogo kwenye kifundo. Wakala viwili, wakala viwili. Chizuru akaweka vijiti chini, mazoea ya miaka, akafungua kinywa kusema, kula wewe.

Sahani ilikuwa tupu. Tomohisa alikuwa anatafuna, mashavu yamejaa.

"Mwizi!" alisema Chizuru, na akajikuta anacheka.