Paa Watatu Mdomoni mwa Mwalimu Masuma

Naapa, haya ni kweli tupu, tangu herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Asiyeniamini aiweke karatasi hii chini akaanike karafuu zake.

Nilikwenda na Mwalimu Masuma, binti wa Hakimuddin mwenye duka pale Chake Chake, kupiga picha paa na ndege katika kijisiwa cha Makaani, ng'ambo ya Wingwi. Safari ya kutwa tu. Mmanga, mchoma chokaa, alitaka kukikata kichaka chote cha kijisiwa kile kiwe kuni za tanuri lake, akidai paa walikwisha zamani. Kamati ya kijiji ilikuwa ikutane siku hiyohiyo baada ya sala ya alasiri. Bila picha, kichaka kinakwenda.

Maji yakitoka, Makaani huendewa kwa miguu. Hesabu ya maji niliifanya mie, maana toka nistaafu sina mpinzani katika hilo.

"Leo mwezi kumi na saba," nilimwambia. "Maji makavu ni saa sita kasorobo. Tukivuka saa nne, tuna nafasi ya kulala na kuamka."

Tukavuka, maji yakiwa ya kifundo cha mguu. Katikati ya kijisiwa pana uwanda wa majani. Masuma alilala kifudifudi, siafu wakimpanda shingoni, hakutikisika. Alingoja hivyo saa mbili nzima. Akatua korongo mweupe, na nyuma yake wakatoka paa watatu: dume, jike, na mtoto asiyemzidi paka. Kamera ikalia.

Tuliporudi ufukweni saa saba na nusu, njia hakuna. Pale tulipopita, maji yanakwenda mbio na kina chake hakionekani.

"Mzee Jecha, huo mwezi kumi na saba uliuona wapi?"

"Kwenye kalenda ya dukani kwa baba yako."

Akajipiga paji la uso. "Ile ni kalenda yetu Mabohora, mzee wangu! Ya hesabu. Mwezi huu imeutangulia mwandamo wenu kwa siku mbili. Leo kumi na tano! Maji yalikauka saa nne, tukivuka!"

"Basi maji ndiyo yamekosea."

Hakucheka. "Yatakauka tena lini?"

"Usiku."

"Na kamati itakuwa imeshalala. Tunavuka sasa, kabla hayajazidi."

Kisigino changu kilikuwa kimepasuliwa na chaza. Akachana upindo wa nguo yake akanifunga.

"Kaza," nikasema. "Maji ya kunywa je?"

"Mafunda mawili. Kunywa weye, umetoka damu."

Tuliokota madumu mawili matupu yaliyotupwa na bahari, tukayaunga kwa kipande cha wavu. Kamera akaifunga juu ya mkoko. Kadi ya picha, ndogo kama ukucha, akaitia shavuni.

"Ukiimeza je?"

Akafumba mdomo, akaingia majini.

Sasa sikilizeni. Mkondo ulitupokea kama makumbi. Nikamshika Masuma kwa mkono wa kushoto, wavu wa madumu kwa meno, na wa kulia nikapiga maji. Katikati akaja samaki taa, mpana kama jamvi la msikitini, mkia umesimama. Nikamkazia macho. "Pisha!" Akapisha. Mara mbili tulizama, mara mbili nikamnyanyua. Bahari ikasema rudi, nikaijibu: rudi weye! Tulitoka ng'ambo kwa magoti, mbali kabisa na tulipokusudia, tukitapika chumvi.

Tukaingia skuli, kamati ilikokutana, tukitiririka maji. Masuma akatema kadi kiganjani, akaifuta, ikatiwa kwenye kompyuta. Paa watatu wakajaa kioo. Watu wakaguna. Nami nikasimama kueleza nilivyomvuta mwalimu. "Wallahi, kwa mkono huu!"

"Mwongo!" Mmanga aliruka. "Nilikuwa tanurini kwangu pale ufukweni, nimeona. Mwalimu ndiye aliyekuwa akivuta. Huyu kakumbatia dumu, kafumba macho, anamlilia marehemu mama yake! Anaapa uongo mbele yetu, na hizo picha nani ajuaye zimepigwa wapi? Pengine msituni Ngezi!"

Minong'ono ikaanza. Masuma akanigeukia, midomo bado imevimba kwa chumvi.

Shehe Haidar, mwenyekiti, akauliza, "Jecha, nani kamvuta mwenziwe?"

Nilimtazama yule mtoto wa paa kiooni.

"Yeye ndiye kanivuta. Na mwezi nilikosea mie, si maji. Lakini paa hawa, Shehe, nimewaona Makaani kwa macho yangu."

"Na weye, Mmanga, umesema umewaona hawa wawili majini, wakitokea wapi?"

"Makaani," Mmanga akajibu, akainamia viatu vyake.

"Kichaka kibaki," Shehe akasema. "Na weye Jecha, kafara ya kiapo. Vibaba kumi vya mchele, maskini kumi, kabla ya magharibi."

Nikapima mbele ya watu wote, nikichechemea kutoka mtu hadi mtu, Masuma akinishikia gunia. Kibaba cha kumi kilipomiminwa, Shehe akaniuliza kama sasa moyo umetulia.

"Umetulia, Shehe. Ila yule taa, wallahi, alikuwepo. Na alipisha."

Shehe Haidar akamtazama Masuma. Masuma akatikisa kichwa kukana.

Shehe akanirudishia kibaba mkononi, nami nikaanza kupima upya: kimoja.