Mguu wa Mwalimu na Printa Isiyosikia

Mwalimu mstaafu alikuwa ameshashuka ngazi za duka. Mguu mmoja una kiatu, mwingine una kandambili. Kiatu cha pili kilikuwa mkononi. Alichechemea bila kugeuka nyuma.

"Mwalimu, subiri nikitazame," fundi viatu aliita.

"Kimenitoa kidonda. Nina sukari, fundi. Mguu wangu si wa kufanyia majaribio."

Akakiacha kiatu chini ya ngazi, akaenda zake kliniki.

Fundi huyu hushona viatu vya watu wenye matatizo ya miguu. Kwa miaka ishirini, vipimo vyao vimekaa kwenye programu moja ya kompyuta. Programu huchora unyayo wa mteja, printa huuchapa kwa ukubwa wake halisi. Fundi hukata ngozi kwa kufuata karatasi hiyo.

Kisha kompyuta ya zamani ikafa. Wakanunua mpya, pamoja na printa mpya. Muuzaji akaihamisha programu, nayo ikafunguka vizuri. Ila ukiiambia ichape, kimya. Printa mpya ipo, imewashwa, haisikii la mtu.

Mchana ule alipita shemeji yake, mdogo wa mkewe. Yeye hufanya kazi kwenye duka la kuchapisha. Wakamsimulia habari ya kiatu na printa.

"Sasa shemeji, kama printa haichapi, mchoro wa Mwalimu uliupata wapi?"

Fundi akakuna kichwa. Mkewe ndiye aliyejibu.

"Alibandika karatasi nyembamba kwenye kioo cha kompyuta, akafuatisha kwa penseli."

"Urefu niliusahihisha kwa rula," fundi alijitetea.

"Na upana?"

Shemeji akagonga kioo cha kompyuta kwa kidole.

"Kioo cha zamani kilikaribia mraba. Hiki ni kipana, kimeuvuta mchoro pembeni. Umemnenepesha Mwalimu mguu bila kumlisha."

Mkewe alicheka. Fundi hakucheka.

"Kidonda cha mtu wa sukari kinaweza kumkatisha mguu," alisema polepole. "Na alipolalamika kiatu kinapwaya, mimi nilimwambia ni mguu wake uliokonda."

"Basi leta kiti, shemeji. Tusilie, turekebishe."

Shemeji akawaeleza. "Programu hii ni kama mzee aliyezoea mlango mmoja. Ilikuwa inatoa kazi zake kwenye tundu kubwa la nyuma, lile la waya mnene. Kompyuta mpya haina tundu hilo. Printa mpya imeunganishwa kwa waya wa USB. Programu yako inabisha hodi ukutani."

"Tuitupe?" mkewe aliuliza.

"Hapana, dada. Miguu ya watu imo humo. Tutaweka programu nyingine ndogo, ya kupokea. Itakaa pale ulipokuwa mlango, ipokee mchoro, iugeuze kuwa faili la PDF, kisha iupeleke kwa printa."

Kabla ya kugusa chochote, alinakili vipimo vyote kwenye flashi mbili. "Moja ikae hapa, nyingine nyumbani. Kompyuta ikifa tena, isife navyo."

Alipomaliza, printa ikanguruma. Karatasi ikatoka. Fundi akainyakua na kushika kisu.

"Weka kisu chini. Haraka ndiyo iliyotufikisha hapa."

Pembeni ya mchoro kulikuwa na mstari wa kupimia, ulioandikwa sentimita kumi. Shemeji alipoupima kwa rula, ulikuwa tisa na nusu.

"Printa imepunguza mchoro ili uenee kwenye karatasi. Hapa chagua ukubwa halisi, asilimia mia."

Wakachapa tena. Kumi kamili.

Fundi aliipeleka karatasi mwenyewe nyumbani kwa Mwalimu. Akapiga magoti, akaishikilia chini ya mguu uliofungwa bendeji. Haikuzidi, haikupungua.

"Huu ndio mguu wangu," Mwalimu alisema. "Kile kiatu ulimshonea nani?"

"Nilikishonea kioo cha kompyuta, Mwalimu. Nisamehe. Mguu wako haukukonda."

Kidonda kilipona baada ya wiki saba. Mwalimu anatembea kwa kiatu kipya. Shemeji alirudi kazini kwake, na simu za kumwita zimepungua. Mke ndiye anayechapa siku hizi. Kiatu kile kipana kiko kwenye rafu, juu ya printa. Fundi hupima kila karatasi kwa rula kabla ya kushika kisu.