Disketi Saba za Fundi Otuoma

"Toa disketi kwanza, ndipo uwashe! Umenisikia? Kwanza utoe! Usiwashe ikiwa ndani!"

Sauti ilitoka kwenye kibanda cha simu pale posta ya Mwanza, saa nne asubuhi, na foleni nzima ikacheka. Bernadeta hakucheka. Alikuwa wa pili kwenye foleni, amesimama dakika arobaini juu ya visigino vipya, ndani ya gauni la njano la mtumba lililombana kiunoni, na mteja wake wa kadi za harusi alikuwa anamsubiri dukani.

"Kaka," akasema kwa sauti ya kusikika, "mwache mkeo awashe jiko lake, na sisi tupige simu."

Mtu akatoka kibandani. Mrefu, mwembamba, shati la drafti, bisibisi tatu mfukoni mwa shati kama kalamu za mwalimu.

"Si mke, dada. Ni kompyuta. Iko Musoma."

"Na inakusikia?"

"Kuliko wanawake wote niliowahi kuzungumza nao."

"Basi umezungumza nao vibaya. Mimi ninayo moja barabara ya Nyakato, wiki ya pili sasa inakwamakwama. Hainisikii kabisa."

Yule mtu akaacha kuondoka. "Unaifanyia kazi gani?"

"Nachapa. Barua, kadi, katiba za vikundi. Chochote anacholeta mtu."

"Watu wanaleta disketi zao?"

"Wataleta za nani tena?"

"Basi ni mgonjwa huyo," akasema. "Naitwa Otuoma. Piga simu yako, nakusubiri."

Na akasubiri kweli. Watu waliomfahamu wangeshangaa, maana Otuoma hakuwa mtu wa kusubiri hata chai ipoe.

Miaka hiyo biashara zilikuwa zimeachiwa huru, na kila mtu mjini alikuwa anaanzisha kitu: kampuni, kwaya, kikundi cha akina mama, ofisi ya kununua minofu ya samaki. Na kila kitu kilitaka karatasi iliyochapwa. Bernadeta, binti wa Nansio kule Ukerewe, alikuwa ameiona njaa hiyo mapema. Alikuwa na chumba kimoja, feni moja, simu moja ambayo wiki ile ilikuwa imekatika, na kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe.

Otuoma alikaa mbele ya kompyuta hiyo kwa muda wa saa tatu. Aliua kirusi, akaisafisha, kisha akaanza kueleza. Diski nzima, alisema, ni kama nyumba yenye vyumba vingi, lakini mlango ni mmoja: sekta ya kwanza kabisa, ndogo, haifikii hata ukurasa wa barua. Mashine ikiwaka inaanzia pale. Vile virusi vya kwenye disketi havihangaiki na vyumba, vinakaa mlangoni. Mlango ukiharibika, mali yote imo ndani na huwezi kuingia.

"Kwa hiyo mimi nachukua nakala ya ule mlango ungali mzima, naiweka kwenye disketi yake peke yake. Siku ukiharibika, narudisha. Dakika tano. Umeelewa?"

"Nimeelewa," akasema Bernadeta, ambaye muda wote huo alikuwa anaangalia mikono yake.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Wiki ya kwanza alikuja kuikagua mashine mara tatu, na mashine ilikuwa nzima. Ya pili wakala samaki wa kukaanga pale Pasiansi, upepo wa ziwa ukimpeperushia Bernadeta khanga na Otuoma akiikamata.

"Nyie Wajaluo mnajisifu sana," Bernadeta akamwambia.

"Nimejisifu nini?"

"Hujasema bado. Nasubiri."

"Basi sikiliza. Kuanzia hapa kuzunguka ziwa mpaka kwetu Shirati, hakuna mashine niliyoigusa ikafa."

"Ona sasa!"

Raha ilikuwepo. Tabu ni kwamba haikukaa. Otuoma hakuwahi kumaliza siku nne mjini. Utamkuta anakula, mguu unatikisika chini ya meza. Ukisikia honi ya kivuko cha Kamanga, ameshageuza shingo. Simu zake zilitoka kila kona ya ziwa: "Berna mpenzi, niko Sengerema." "Berna, nimelala Bunda, kuna ofisi imepata mashine mpya." Naye Bernadeta akaanza kutokutulia: anachapa neno, anatazama mlango, simu inalia, anaiwahi kabla haijalia mara ya pili. Mama yake alizeeka hivyo hivyo kwa ajili ya mwanamume wa melini. Aliapa yeye hatazeeka hivyo. Alimtaka Otuoma, lakini alimtaka akae.

"Utatulia lini?" akamwuliza siku moja Otuoma akiwa anafunga begi.

"Nikirudi kutoka Geita tutazungumza." Akamkabidhi kopo la biskuti, limefungwa kwa mpira wa baiskeli. "Nitunzie hili. Huko vumbi jingi. Usimpe mtu, ni kazi yangu yote hiyo."

Kopo likakaa rafuni siku tisa. Siku ya kumi, Jumapili baada ya misa, Bernadeta hakuweza tena. Akaufungua ule mpira.

Disketi saba. Kila moja na karatasi yake, mwandiko wa Otuoma uliolala:

*Rebeka, Musoma, 3 Februari. Safi.*

*Getruda, Geita, 19 Machi. Safi.*

*Akelo, Shirati. Favour, Bunda. Tereza, Sengerema.* Wote safi.

*Dorotea, Bukoba, mara ya pili. Safi sana.*

Na chini kabisa: *Bernadeta, Mwanza.*

Akasoma tena. Wa saba. Hata kuandikiwa *safi* hakuandikiwa.

Alizitia kwenye mashine moja moja. Kila moja ilikuwa na faili moja dogo, na ukilifungua ni alama za vurugu, hazisomeki. Akasema moyoni: barua hizi, kazifunga kwa kufuli. Getruda yuko Geita, na Otuoma yuko Geita siku ya kumi sasa! Akafuta. Rebeka akafutika, Akelo akafutika, Favour, Tereza, Getruda. Dorotea wa mara ya pili alimfuta kwa kidole kilichobonyeza kwa nguvu mpaka kucha ikauma. Mwisho akajifuta na mwenyewe. Akazirudisha koponi, akafunga mpira vilevile.

Jumatano mwanafunzi mmoja wa chuo alileta taarifa yake kwenye disketi. Katikati ya kuchapa, umeme ukakatika. Uliporudi, mashine ikawaka yenyewe, disketi ya mwanafunzi ingali ndani. Bernadeta aliona kioo kinasitasita, akaitoa, akawasha upya. Kioo kikabaki cheusi, na mstari mmoja mweupe: hakuna diski.

Akazima, akawasha. Hakuna diski.

Sasa kumbuka kwamba ndani ya diski hiyo kulikuwa na kitabu cha Mzee Mayala. Mzee huyu, ofisa uvuvi mstaafu wa Buhongwa, alikuwa ametembea ufukwe wote akikusanya majina ya samaki waliokuwa wanapotea tangu sangara atawale ziwa, kama ningu na furu: majina ya Kisukuma, ya Kijita, ya Kikerewe, ya Kijaluo. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Mwaka mzima na nusu alikaa kwenye benchi la Bernadeta akitaja, binti akichapa. Na alikataa katakata kisiwekwe kwingine. "Nakala ndiyo mwanzo wa wizi," alisema. "Kitakaa hapo hapo kwenye mashine mpaka mpiga chapa aje." Mpiga chapa alikuwa anakuja Jumamosi.

Bernadeta alizunguka chumba kile kama kuku aliyepotelewa na vifaranga. Mwisho akapiga simu gesti ya Geita alikofikia Otuoma.

"Berna! Mpenzi, nilikuwa nakuwaza sasa hivi..."

"Kompyuta imekufa."

"Inasemaje?"

"Inasema haina diski."

"Pole. Ni mlango tu huo, usilie. Fungua kopo langu, chukua disketi yenye jina lako..."

"Nimeifuta."

Mtu alikuwa anakohoa huko Geita.

"Umeifuta?"

"Zote nimezifuta. Saba."

"Zote! Bernadeta, kwa nini?"

"Kawaulize wake zako," akasema, na akakata simu, halafu akalia.

Ijumaa saa tano asubuhi Otuoma aliingia dukani moja kwa moja kutoka kivukoni, mwekundu kwa vumbi hadi kwenye kope. Mzee Mayala alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi, fimbo katikati ya magoti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ningu wangu yumo humo au hayumo?"

"Yumo, mzee. Kafungiwa tu." Kisha akamgeukia Bernadeta, na sauti haikuwa ya utani. "Wake zangu akina nani?"

"Unaniuliza mimi? Mwandiko ni wako. Rebeka safi, Getruda safi, Dorotea mara ya pili safi sana!"

"Ni makatibu muhtasi hao!"

"Wote sita?"

"Kompyuta haina jina, Bernadeta! Ina namba ya kiwandani ndefu kama mkia wa kenge. Nimwandike nani, kama si yule anayekaa mbele yake, atakayenipigia simu siku ikifa? Disketi moja, mlango mmoja. Nilikueleza siku ile ya kwanza, ukasema umeelewa!"

Bernadeta akainamisha macho. Angesema nini? Kwamba alikuwa anaangalia mikono?

"Maneno tu," akasema kwa sauti ndogo. "Kila mwanamume ana maneno."

Otuoma akavuta simu mpaka mbele yake. "Hutaniamini mimi. Sawa. Mpigie Dorotea. Hata usingekuwa na wivu ningempigia, maana mashine yake na yako ni mapacha. Zilishuka treni moja, nilizigawa vyumba kwa vipimo vilevile siku moja, kabla hujauziwa hii; siku ile nilipoifungua ndipo nikaitambua. Mlango wake unaingia kwako. Piga."

Simu ikalia Bukoba. Ikapokewa na sauti nzito ya mwanamke.

"Naomba kuzungumza na Dorotea."

"Ndiye. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Bernadeta, wa Mwanza."

"Ee! Kumbe ndiye wewe!" Sauti ikajaa chumba kizima. "Mwanangu, huyo Mjaluo akija hapa hata chai hanywi. Bernadeta hivi, Bernadeta vile. Nina miaka hamsini na mbili na wajukuu watano, nikamwambia, kijana, nitengenezee mashine yangu, hayo mengine kamwambie mwenyewe. Amekwambia?"

Bernadeta alihisi uso unawaka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kuna nini, mbona pua imeziba?"

Akamweleza. Hakuficha hata la kufuta. Dorotea alicheka mpaka Mzee Mayala kwenye benchi akauliza huko kuna sherehe gani. Kisha Otuoma akamwelekeza mama yule, hatua kwa hatua, mpaka kile kipande cha mlango kikamtokea kiooni kwa namba na herufi. Jozi kumi na sita tu. Bernadeta akashika kalamu, akawa anarudia kila moja kwa sauti.

"Nane, sifuri."

"Nane, sifuri."

"Sifuri, moja. Tena sifuri, moja."

"Nimepata."

"Tatu, F. F ya fenesi."

"F ya fenesi, mama."

Walimaliza, wakaanza tena tangu mwanzo, na mara ya pili Dorotea akajisahihisha jozi moja: alikuwa ameiona B akaisoma nane. Bernadeta akafuta, akaandika upya. Kosa moja tu, na ningu, furu, gogogo, wote walikuwa wamekwenda na maji.

Akakilaza kipokeo cha simu mezani. Otuoma akawasha kwa disketi yake safi, akazichapa zile jozi mahali pake, akaitoa disketi, akazima. Akamtazama Bernadeta.

"Washa wewe."

Mashine ikanguruma. Ikahesabu. Mstari mweupe haukuja. Bernadeta akafungua kitabu, akasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, na mzee kwenye benchi akawa anatikisa kichwa kwa kila jina, kama mtu anayeitikia mahudhurio ya watoto wake.

"Sasa weka na nakala," mzee akasema kwa hasira. "Weka hata tatu. Mnangoja nini?"

Otuoma alikuwa ameshasimama, anahesabu kwa vidole. Musoma, Bunda, Shirati, Sengerema, Bukoba. Geita arudi tena. Milango sita ya kunakili upya, kabla kirusi hiki hakijatangulia. Mguu ulikuwa unatikisika.

"Nimekuharibia kazi yako yote," Bernadeta akasema.

"Ni wiki sita tu."

"Naenda na wewe."

Mguu ukatulia. "Na duka?"

"Mdogo wangu atachapa. Niliyezifuta ni mimi, majina nitayaandika mimi. Nimeona siwezi kukufanya ukae, Otuoma. Na mimi nimeshindwa kungoja."

"Berna, watu watasema nini, mimi na wewe tukizunguka ziwa hivihivi?"

"Ndiyo maana hatuzunguki hivihivi. Tunaanzia Nansio. Baba yangu yupo, utamwambia unataka nini."

"Nansio hakuna kompyuta hata moja."

"Kwani nimesema ipo?"

Otuoma akafungua mdomo, lakini sauti ndogo ikatoka mezani, kwenye kipokeo ambacho hakuna aliyekumbuka kukirudisha mahali pake.

"Mkubalie basi, mwanangu! Simu inakwenda!"

Otuoma akakiinua, vumbi la Geita likidondoka kutoka kwenye mkono wa shati.

"Mama Dorotea, sikiliza vizuri. Hapa anayeposwa ni mimi."

"Basi kubali wewe!"

Akamtazama Bernadeta, ambaye alikuwa ameshachukua disketi mpya na anaandika jina la kwanza juu yake.

"Nimekubali," akasema.