Kadi ya Mwezi Msamala

Kila alipotoka shuleni, Lidwina aliteka maji, akaosha vyombo, kisha akakimbilia kibandani kwa baba yake mdogo, Hironimus. Kibanda hicho kilikuwa na televisheni na mashine ya gemu ya mbio za magari kutoka Dar es Salaam. Watoto wa mtaa wa Msamala hawakuwa wameona kitu kama hicho, wakajaa mpaka mlangoni.

Mwanzoni mtoto alilipia kila mchezo. Baadaye Hironimus akaleta kadi ya mwezi: unalipa mara moja, unacheza utakavyo. Lidwina alimpukuchulia bibi yake mahindi hadi vidole vikauma, akapewa pesa, akapata kadi. Wenzake wawili, Egidi na Leo, nao wakapata zao. Tangu hapo watatu hao waliganda mbele ya televisheni. Wengine, waliotaka kulipia mchezo mmoja mmoja, walichungulia, wakachoka, wakaenda zao.

Jioni moja Lidwina alifika pamoja na Egidi na Leo, akamkuta baba mdogo akikunja nyaya.

"Shikamoo, baba mdogo. Mbona unafungasha?"

"Marahaba, mwanangu. Nauza mashine. Wateja wamekimbia, na kadi zenu tatu hazitoshi hata kulipia umeme."

Lidwina alinyong'onyea. Jana yake rafiki yake Ashura alisubiri mpaka giza likaingia, akaondoka bila kugusa pedi ya kuchezea gemu. Lidwina alimwona, akajifanya hamwoni.

"Wateja hawajakimbia," alisema taratibu. "Sisi wenye kadi ndio tunawafukuza. Mwenye kadi naye acheze kwa zamu. Akishindwa, ampishe anayesubiri."

"Mimi nimelipa bwana!" Egidi alikuja juu.

"Na mashine ikiuzwa, utaendesha gari kwenye kadi?" Lidwina alimuuliza.

Leo aliangua kicheko. Egidi alijikaza, kisha naye akacheka. Hironimus akaanza kukunjua nyaya.

Kesho yake Lidwina alishindwa mapema. Vidole viligoma kuachia pedi, lakini alisimama, akamwita Ashura. Gari la Ashura lilipita kona mbili, likatumbukia mtoni. Kibanda kizima kikalipuka kwa kelele, Ashura mwenyewe akicheka kuliko wote.

Habari zikaenea mtaani, watoto wakarudi. Mwezi uliofuata kadi zilichukuliwa na wengi, na umeme ukalipwa bila shida.

"Mnaona, wanangu," Hironimus aliwaambia. "Kulipa kunakupa haki ya kucheza, hakukupi haki ya kumzibia mwenzako. Lidwina alikubali kunyanyuka, ndiyo maana leo sote tuna pa kukaa. Haya, Lidwina, zamu yako! Ashura anakungoja, na safari hii amesema wewe ndiye utakayeingia mtoni."